Kuficha ubovu wa gari: Aliyedanganywa hana ruhusa ya kudanganya

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, leo tunataka kuzungumzia biashara ya magari yaliyokwisha kutumika, hususan magari makubwa ya juu ambayo nguvu ya injini yake hupelekwa magurudumu yote manne. Familia nyingi huyatamani kwa sababu ya hali ya barabara zetu, safari za kwenda vijijini na wingi wa watoto. Mengi huja kwa meli kutoka Japani, yakashushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, kisha yakapita mikononi mwa mtu wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kila mkono unapokabidhi mkono mwingine hapo pana mauziano, na penye mauziano ipo sheria ya Mwenyezi Mungu.

Yanayotokea tunayajua sote. Baba amedunduliza kwa miaka, mama naye ametoa fungu lake la upatu, gari likanunuliwa na watu wa nyumba wakafurahi. Haupiti mwezi, giaboksi inaanza kuchelewa kushika, gari linavuta kwa kusitasita na sauti ya mlio inasikika chini. Fundi anafungua, anatikisa kichwa, na gharama anayoitaja inameza ada ya shule ya muhula mzima. Kisha huja shauri la jamaa na marafiki: lisafishwe, lipigwe rangi, atafutwe mtu auziwe kabla halijafa kabisa.

Shauri hilo ni msiba uliozidi ubovu wa gari lenyewe. Hoja yetu ya leo ni hii: kudanganywa ni dhulma iliyokufika wewe, lakini hakukupi haki ya kuifikisha dhulma hiyo kwa mwenzako.

UBOVU USIOONEKANA KWA MACHO

Ni vyema kwanza tufahamu kinachouzwa. Nguvu ya injini haifiki kwenye magurudumu moja kwa moja. Hupita katika giaboksi, na katika magari mengi ya aina hii hugawanywa na transfa baina ya mbele na nyuma, ikapita katika propela, ikaingia katika difu, kisha ikafika kwenye magurudumu kwa njia ya shafti. Kila kimoja kati ya viungo hivyo kina oili yake au grisi yake, beringi zake na sili zake. Gari la magurudumu mawili yanayosukuma lina viungo vichache. Hili lina vingi, na kila kiungo ni mlango wa gharama.

Magari mengi ya familia ya Kijapani yaliyotengenezwa tangu miaka ya 2000 yana giaboksi ya aina ya CVT, isiyokuwa na gia za hatua kwa hatua, bali mkanda wa chuma unaozunguka baina ya puli mbili zinazobadilisha upana wake. Giaboksi hii inataka oili yake maalumu. Ikitiwa oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki huharibika. Ubovu wake mara nyingi hujificha gari likiwa la baridi, ukadhihiri baada ya mwendo mrefu oili ikishapata moto. Kwa hiyo mtu anaweza kulizungusha gari mtaani kwa dakika tano, akaridhika, akalipa, na maradhi yakamngoja katika barabara ya Morogoro.

Kwa upande wa umri, Kenya imeweka ukomo wa miaka minane kwa gari lililotumika linaloingizwa nchini, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka. Lakini umri hauelezi hali ya giaboksi. Gari la miaka saba lisilobadilishwa oili linaweza kuwa bovu kuliko la miaka kumi na tano lililotunzwa.

Na wako watu walioifanya elimu ya kuficha kuwa ufundi. Hurudisha nyuma hesabu ya kilomita. Huzichomoa nyaya za betri au hutumia kompyuta kufuta kumbukumbu ya hitilafu, taa ya onyo ikazimika kwa siku chache. Hutia oili nzito katika difu ili mlio utulie, na tangu zamani wapo waliotia hata unga wa mbao. Huosha injini na sehemu za chini ili alama za uvujaji zisionekane. Vitendo hivyo havitengenezi kitu. Vinanunua muda wa kutosha mpaka fedha ibadilishe mfuko.

HUKUMU YA MWENYE KUFICHA

Mwenyezi Mungu katika Surat an-Nisaa, aya ya 29, amewakataza waumini kuliana mali kwa batili, akahalalisha biashara iliyosimama juu ya kuridhiana. Zingatia neno kuridhiana. Mnunuzi ambaye hakuambiwa kuwa giaboksi imekufa, ameridhia gari lipi? Ameridhia gari lililomo katika fikra zake, siyo hilo aliloendesha kwenda nalo nyumbani. Mkono umesaini, lakini ridhaa haikupata elimu ya kusimamia.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenye mali, akajibu kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume (S.A.W.) akamhoji kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Tazama jambo hili: mtu yule hakuileta mvua. Kosa lake ni kuweka kikavu juu na kibichi chini. Nawe huenda hukuiharibu giaboksi ya gari lako, lakini ukiosha juu na kunyamazia chini, umesimama mahali pale pale aliposimama mtu yule.

Iko hadithi nyingine, iliyo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, ambayo inalingana na biashara ya magari kwa namna ya ajabu. Wafugaji wengine walikuwa wakimwacha ngamia au mbuzi bila kukamuliwa kwa siku kadhaa, kiwele kikajaa, mnunuzi akadhani ni mnyama mwenye maziwa mengi. Mtume (S.A.W.) akalikataza jambo hilo, na akampa aliyeuziwa hiari baada ya kumkamua: akitaka abaki naye, na asipotaka amrudishe pamoja na pishi moja ya tende badala ya maziwa aliyoyachukua. Katika riwaya ya Muslim hiari hiyo imewekewa siku tatu.

Wapo wanaosema: "Mnunuzi ana macho, alitazama mwenyewe, akaleta na fundi." Hadithi hii inawajibu. Aliyenunua mnyama naye alikuwa na macho, na kiwele alikiona. Kilichomdanganya ni hicho hicho alichokiona, kwa sababu kiliandaliwa ili kimdanganye. Kufuta kumbukumbu ya kompyuta na kutia oili nzito katika difu ni kile kile kiwele kilichofungwa, kimebadilika umbo tu.

HAKI YA ALIYEUZIWA

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi katika upwa wetu, wameieleza ila inayorudisha bidhaa kuwa ni kila kinachopunguza kitu au thamani yake hata kikakosesha lengo sahihi, ikiwa kwa kawaida bidhaa ya aina ile husalimika nacho. Kwa kipimo hicho, kiti kilichochakaa katika gari la miaka kumi na mitano si ila ya kurudishia gari, kwani uchakavu huo ni desturi yake. Lakini giaboksi isiyopeleka gari, transfa iliyovunjika ndani au difu iliyokwisha meno ni ila bila ya shaka, kwa sababu hata gari la zamani hununuliwa ili liende.

Ikithibiti kuwa ila hiyo ilikuwapo kabla ya kukabidhiwa, mnunuzi ana hiari ya kulirudisha gari na kurudishiwa fedha yake. Hiari hiyo katika madhehebu yetu ni ya haraka: akishajua, asimame, amwarifu muuzaji, wala asiendelee kulitumia kama aliyeridhia. Mwenye kujua kuwa giaboksi ni mbovu, kisha akaendesha miezi mitatu akipeleka watoto shule, amejipunguzia haki yake kwa mikono yake.

Na ikiwa ila nyingine mpya imeingia gari likiwa kwa mnunuzi, hawezi kumlazimisha muuzaji alipokee. Hapo wakikosa kuafikiana juu ya kurudisha, hulipwa fidia ya upungufu, ambayo mafakihi huiita arshi. Tuchukue mfano. Gari zima la namna ile lingekuwa na thamani ya shilingi milioni 20, na likiwa na ila ile thamani yake ni milioni 15. Upungufu ni robo. Ikiwa mnunuzi alilipa milioni 18, anarudishiwa robo ya bei aliyolipa, yaani milioni nne na nusu. Ndivyo sheria ilivyo na mizani. Haimpi mnunuzi zaidi ya haki yake wala haimwachii muuzaji kilicho cha mwenziwe.

Muuzaji atasema: "Nimeandika kwenye stakabadhi kuwa mali ikishauzwa hairudishwi." Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu sharti la kujivua na dhima ya ila, wengine wakalikubali kwa upana na wengine wakalibana. Katika madhehebu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kuwa sharti hilo humwokoa muuzaji katika ila ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, kwani mnyama hubadilika afya yake; halimwokoi katika mengineyo. Ama aliyejua akanyamaza, hakuna aliyemhalalishia kunyamaza kwake.

Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kuwa Abdullah bin Umar (R.A.), zama hizo utumwa ungalipo, alimuuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kutobeba dhima ya ila. Mnunuzi akalalamika kuwa ana maradhi ambayo hakuambiwa. Shauri likafika kwa Khalifa Uthman bin Affan (R.A.), naye hakuridhika na sharti peke yake, bali alimtaka Ibn Umar aape kuwa alimuuza bila ya kuyajua maradhi hayo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrejesha kwake. Baadaye mtumwa yule akapona, akauzwa kwa dirham 1,500. Fundisho liko wazi: karatasi ya sharti haikuziba swali la nini alichokijua muuzaji.

Hata sheria ya nchi hailiachi jambo hili ovyo. Nchini Tanzania Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na nchini Kenya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, zina masharti yanayomlinda mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa. Lakini Muislamu hapaswi kungoja hakimu wa dunia, ilhali Hakimu wa mahakimu anaona kilichomo chini ya boneti.

MNYORORO UKATIKIE KWAKO

Sasa turudi kwa yule baba aliyeuziwa gari bovu. Amemtafuta muuzaji, simu haipokelewi. Ameambiwa na fundi bei ya giaboksi, hana. Shetani humjia hapo kwa sura ya mnasihi mwema, akamwambia: nawe ulifanyiwa hivyo hivyo.

Ndugu yangu, pima hoja hii. Imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kuwa Mtume (S.A.W.) ameamrisha kurejesha amana kwa aliyekuamini, na akakataza kumfanyia khiyana hata aliyekufanyia khiyana. Ikiwa aliyekuibia wewe mwenyewe huruhusiwi kumlipa kwa khiyana, vipi iwe halali kumfanyia khiyana mtu wa tatu ambaye hajakukosea lolote, ambaye pengine ni mwalimu aliyekopa au mjane aliyeuza kiwanja chake? Deni lako liko kwa aliyekuuzia. Ukilidai kwa anayenunua kwako, umemdai asiyedaiwa.

Ametufundisha Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha hutiwa baraka katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hiyo hufutwa. Na ametueleza, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kuhusu muflisi wa kweli: mtu atakayefika Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, hali amekula mali ya huyu na kumdhulumu yule, mema yake yakagawanywa kwa wenye kumdai mpaka yakamalizika. Ni hesabu ya kuogopesha kwa mtu aliyeokoa milioni nne za giaboksi.

Hatusemi kuwa ukweli hauna hasara. Una hasara, na tusiwahadae watu. Ukisema gari lako ni bovu, bei itashuka na wengine watageuka waende zao. Lakini njia za halali zipo. Mdai kwanza aliyekuuzia, kwa wazee, kwa masheikh au kwa vyombo vya sheria. Ukishindwa, litengeneze kidogo kidogo, kisha uliuze na stakabadhi za matengenezo mkononi. Au liuze kwa ubovu wake, ukiutaja kwa ulimi na kwa maandishi, kwa bei inayolingana. Wapo mafundi na wauza vipuri wanaoyatafuta magari ya namna hiyo. Utakachokikosa ni fedha ambayo kwa hakika haikuwa yako, kwani ni thamani ya uzima ambao gari halina. Wala usiseme umekula hasara mara mbili; hasara uliipata siku ile uliponunua, leo unachagua tu kama utaongeza dhambi juu yake.

MAFUNDI NA MADALALI

Neno kwa ndugu zetu mafundi na madalali. Fundi anayeitwa kukagua gari ni mshauri, na mshauri ameaminiwa. Akipokea "cha juu" kutoka kwa muuzaji ili amezee ubovu, amekula rushwa na ameiuza amana. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 1277) amebainisha kuwa anayeijua ila ya bidhaa inayouzwa inampasa amjulishe mnunuzi asiyeijua, wala hilo si kusengenya. Basi fundi anayesema "yasiyonihusu siyaingilii" na ilhali aliifungua difu ile kwa mikono yake, ajue kuwa yanamhusu.

Vivyo hivyo fundi anayeondoa kipuri kizima na kufunga kilichochoka, au anayekwenda madukani Gerezani na kuleta kipuri cha bandia kwa bei ya halisi, huyo hana tofauti na mwenye kupunja mizani aliyeonywa katika Surat al-Mutaffifin. Na dalali anayempanga mtu wake ajifanye mnunuzi ili bei ipande, hiyo ndiyo najashi aliyoikataza Mtume (S.A.W.).

NASAHA KWA FAMILIA

Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakuondoi wajibu wa kuchukua tahadhari. Kabla ya kulipa, shaurianeni mume na mke: je, mnalihitaji gari la magurudumu manne yanayosukuma, au mnalitaka kwa macho ya watu? Mwenye kununua gari kwa akiba yake yote, bila ya kubakisha fungu la matengenezo, amenunua nusu ya gari.

Mpelekeni fundi mnayemchagua wenyewe, siyo wa muuzaji. Gari liwashwe likiwa la baridi, kisha liendeshwe nusu saa au zaidi mpaka lipate moto. Gia ikiwekwa, gari lisichelewe kushika wala lisirushe. Likizungushwa polepole usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, msikilize kama kuna kugonga kwenye shafti za mbele. Mlio unaobadilika kwa kasi ya gari, siyo kwa mzunguko wa injini, huenda unatoka kwenye difu au beringi. Oili ya giaboksi iliyo nyeusi na yenye harufu ya kuungua ni onyo. Kompyuta ya kupimia katika magari mengi huweza kuonyesha kilomita zilizotembea tangu hitilafu zifutwe. Zikiwa chache, ulizeni kwa nini zilifutwa. Tazameni tairi zote nne kama ni za kipimo kimoja, kwani tairi zinazohitilafiana hutesa transfa na difu. Na kama gari limetoka mnadani Japani, ombeni karatasi ya ukaguzi ya mnada, yenye daraja lake, kilomita na alama za kasoro.

Kisha andikianeni. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara imetufunza kuandika na kushuhudisha katika miamala. Imam Tirmidhi amepokea hati ya mauzo iliyoandikwa baina ya Mtume (S.A.W.) na al-Addaa bin Khalid (R.A.), ambayo ndani yake ilitajwa kuwa kilichouzwa hakina maradhi wala hila. Hati zetu za leo hutaja namba ya injini na rangi ya gari. Ziongezewe sehemu ya ila zinazojulikana, muuzaji azitaje na pande zote mbili zisaini mbele ya mashahidi.

Ndugu Waislamu, gari litachakaa, liuzwe chuma chakavu, na hakuna atakayelikumbuka. Fedha iliyopatikana kwa kulificha itakuwa imeshakuwa chakula katika miili ya watoto wetu, na hilo halirudishwi kwa stakabadhi. Mwenye gari bovu nyumbani leo, na ajue kuwa amepewa nafasi ya kuukata mnyororo ambao wengine kabla yake waliuachia upite.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali Yake tusiihitaji haramu, awafidie waliodhulumiwa kilicho bora kuliko walichokikosa, na azifanye ndimi zetu kuwa za kweli sokoni kama tunavyotaka ziwe msikitini. Amin.

Wabillahi tawfiq.